Mto Alioondoka Nao Mzee Sironga

Siku ya kuniaga, nyie wasichana wa chumba cha kushonea mliniletea keki, soda, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nikaifungua mbele ya watu. Mto! Mtu ameshona mito ya mapambo tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka sasa anazificha kwenye mtandio, halafu mnampa mto. Nilicheka mpaka meneja akadhani nalia. Nilipofika nyumbani Karatu niliuangalia vizuri dirishani, nikaona pembe zake zimechomoza kama masikio ya mbuzi, zipu imekaa upande wa kuonekana, na maua ya kitenge yamekatwa shingo. Niliufumua siku ileile. Msinune. Mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi hii, basi hilo ndilo la kwanza: kitu kikikaa vibaya, fumua.

Neno lenyewe si langu. Nilipewa na Mama Emiliana, aliyekuwa fundi mkuu wa chumba chetu kabla yangu. Nyie mnamjua kwa jina tu, kwa sababu kila mkiharibu kitambaa huwa nawaambia, "Angekuwepo Mama Emiliana leo!" Mkadhani amekufa. Hajafa. Yuko kwake hapahapa Karatu, upande wa barabara ya Mbulu, analima maharage na kugombana na kuku.

Mimi wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya huku, na nilizaliwa kwenye kambi ya vibarua. Mto niliokuwa naujua ni gunia lililojazwa majani makavu, refu, tunalilalia watoto wote kwa mstari. Ukigeuka wewe, wote wanageuka. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopandishwa kwenye gari la wafanyakazi kwenda lojini kule juu ukingoni mwa kreta, nikaambiwa kazi yangu itakuwa mito, niliuliza, "Kuifanya nini?" Nilikuwa sijui kwamba mto unaweza kuwa kazi ya mtu.

Tulifika ukungu umefunika kila kitu, hata mlango wa jengo niliutafuta kwa mkono. Ndani ya chumba cha kushonea nikamkuta Mama Emiliana, mwanamke wa Kiiraqw, mrefu, mwembamba, anakanyaga cherehani taratibu. Na kuongea kwake ni taratibu vilevile. Ukimkatiza hagombi, anaanza sentensi yake upya kutoka mwanzo. Nilimkatiza mara mbili asubuhi ile, na mara ya pili nikajifunza kunyamaza, maana habari ya uzi ilikuwa inakaribia kutumalizia siku.

Akanipa kiroba cha sufi, pamba ile ya kwenye mti, nijaze mito. Wallahi nilipiga chafya mpaka machozi. Mchana nilipokwenda kula, sufi imenijaa kwenye nyusi na kwenye kope, wapishi wakaniita bibi harusi. Baada ya chakula akaniruhusu kushona mshono wangu wa kwanza. Akaupitisha kidole, toka mwanzo hadi mwisho, kama anayesoma.

"Fumua," akasema.

Nikafumua, nikashona.

"Fumua."

"Mama, si ndani huku? Nani ataona?"

"Mto utaona," akasema. "Fumua."

Hakuwahi kunipigia kelele, na hakuwahi kuupitisha mshono uliopinda. Hata wake mwenyewe aliufumua. Alikuwa na mkasi mmoja mzito, mweusi kwenye mpini, umelika pale kidole gumba kinapokaa, na akasema siku nitakayoukatia karatasi ndiyo siku nitakayorudi kuchuma kahawa. Alipostaafu aliniachia mkasi huo. Mnaujua. Ndio ule mlioukuta umefungwa kwa kamba mezani, na sasa hivi mnautafuta. Acheni kuutafuta, nimeondoka nao.

Sasa nisikilizeni kuhusu kuchagua, maana kushona kila mtu anajifunza lakini kuchagua watu wanakimbilia tu. Mama Emiliana alikuwa anaanza na vitu visivyohama. Ukuta, zulia, pazia, rangi ya kochi. Hivyo mwenye nyumba hatavibadilisha kwa ajili yako, kwa hiyo ndivyo unavyoviamkia kwanza. Halafu unachukua kitambaa kimoja chenye mengi, kitenge cha maua makubwa au chochote kinachovuta jicho. Hicho kiache kiongee. Vingine visikilize. Kimoja kiwe cha mistari myembamba au vidoadoa, kingine kiwe kitupu kabisa, na rangi ya kile kitupu uitoe ndani ya kile chenye maua, tena usitoe rangi iliyojaa, toa ile ndogo iliyojificha kwenye kona ya jani. Hapo mgeni akikaa anaona vimeelewana, lakini hajui kwa nini. Ukiweka vitenge vitatu vya maua makubwa kwenye kochi moja, umefungua mnada.

Na mnada wenyewe tulikuwa tunakwenda. Mnada wa Karatu, kwenye marundo ya mitumba, ndiko yaliko mapazia ya zamani ya Ulaya yenye kitambaa kizito ambacho hakuna duka litakuuzia. Siku moja tulipata pazia la rangi ya chai ya maziwa, limefumwa vizuri, jua linaliwakia pale chini, zuri ajabu. Tukalipandisha lojini kwa shangwe, tukashona mito ya vyumba vipya. Asubuhi iliyofuata ukungu ukaingia kama kawaida yake. Mama Emiliana akasimama mlangoni, akatazama, akasema polepole, "Zaituni, tumeleta tope." Na kweli. Rangi iliyocheka kwenye jua la Karatu ilikuwa imefia kwenye ukungu wa ukingoni. Tukafumua yote.

Tangu hapo hakuna kitambaa tulichokikata bila kukilaza kwanza kwenye chumba chake. Kining'inizwe kwenye kiti cha chumba hicho, ukikague asubuhi ukungu ukiwa mlangoni, ukikague mchana, ukikague taa zikiwashwa. Kule juu kunataka rangi zenye moto, machungwa, udongo mwekundu, njano ya alizeti. Huku Karatu moto tunao tayari, nyumba inataka kupoa, bluu na kijani kibichi. Nyeupe msiiguse. Vumbi letu jekundu halina adabu, linaingia hata palipofungwa.

Mengine nayasema harakaharaka. Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo kitenge kitaacha maua yake kwenye shati la mgeni. Mto wa ndani uwe mkubwa kidogo kuliko foronya, ndipo unajaa. Pembe zipunguzwe kidogo kabla ya kushona, zisichomoze. Zipu chini. Na kitu cha kuwekea shavu kisitiwe kitu kigumu, hilo tulifundishwa na mama mmoja mgeni.

Ilikuwa wakati wa meneja mpya kutoka Dar, kijana mchangamfu, mpenda mapambo kuliko hata sisi. Alitaka mito ya shanga. Tukaleta kazi ya shanga ya akina mama wa Enguserosambu, kazi safi, tukaishonea kwenye foronya, na hata mimi nilisema hapa tumepatia. Mama yule mgeni akajilaza nayo mchana baada ya kutoka kuangalia wanyama. Jioni akaja kula na duara zima la shanga limechapwa shavuni, kila tundu linaonekana. Watu wakamsifu tu, kila mmoja akidhani amejichora kwa makusudi, naye anashukuru asijue anasifiwa nini. Meneja alicheka mpaka akajificha stoo. Kesho yake shanga tulizihamishia kwenye kamba za mapazia, na huko zilipendeza kweli.

Meneja huyohuyo ndiye aliyetuletea mtindo wa kupanga mito mingi. Kitanda kizima mito, kochi zima mito, imesimamishwa kwa ncha, na kila mmoja umepigwa kiganja katikati uingie ndani. Mmekuta mtindo huo na mnaupenda, najua. Kwa wageni wa lojini haukuwa na shida, maana Mzungu akitaka kukaa anashika mto anautupa chini, anakaa. Asubuhi tunaokota. Lakini Mama Emiliana hakuupenda hata siku moja. "Mto ni wa mgongo," alisema. "Ukimzuia mtu asikae, huo si mto, ni mzigo." Nataka mlikumbuke neno hilo, kwa sababu ninakokwenda yeye mwenyewe alilisahau, tena siku ambayo hakutakiwa kulisahau.

Alikuwa amestaafu wakati huo, na mimi nimeshika nafasi yake. Karatu ilikuwa imejaa nyumba mpya na kila mtu anataka sebule kama ya lojini. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nazunguka majumbani na begi la vipande vya vitambaa. Nilipenda kazi hiyo kuliko ya lojini, kwa sababu mgeni wa lojini analala siku chache anaondoka, lakini mtu wa nyumbani ataegemea mto wako miaka. Nilikuta makochi ambayo bado yamevaa nailoni ya dukani na watoto wamekatazwa kuyakalia, familia nzima inaangalia televisheni kwenye mkeka. Niliwaambia toeni nailoni kwanza, ndipo mniite.

Mama Emiliana ana mtoto mmoja tu, huyo Emiliana. Nesi. Msichana mzuri, mchapakazi, na mkononi hana kitu. Namaanisha sindano. Mtoto wa fundi yule, hawezi kushika kifungo! Anachoma watu sindano mchana kutwa, lakini umpe uzi apitishe kwenye tundu, utalia. Mama yake alimfumulisha utotoni mpaka mtoto akakimbilia vitabu. Akasomea unesi, akapangiwa zahanati huko Arash, na huko akakutana na mwalimu wa shule, kijana wa Kimaasai anaitwa Lemayani. Wakapendana.

Baba Emiliana aliposikia, hakufurahi. Si mtu mbaya. Ni mkulima wa ngano na maharage, mzee wa kanisa, anampenda binti yake kupita kiasi. Lakini babu zake na babu za wale walinyang'anyana ng'ombe enzi hizo, na hadithi zile alizinywa na uji. Mwishoni akasema, "Waje. Wakiniheshimu nyumbani kwangu nitawasikiliza. Wakinidharau hata kidogo, basi, na jambo hilo lisirudi tena hapa." Emiliana mwenyewe alinisimulia maneno hayo. Alijua baba yake akishasema basi, ni basi.

Mama Emiliana akaniita nishone mito ya sebule kwa ajili ya ugeni huo. Makochi yao ni ya rangi ya damu ya mzee, pazia la kahawia. Nikashona michache ya kutosha, kitenge kimoja chenye majani makubwa na mingine mitupu ya rangi ya haradali. Nikaikabidhi, nikaondoka nimeridhika. Kumbe naye, roho juu, alikuwa anashona yake. Siku ya ugeni nilikwenda mapema kusaidia jikoni. Nikachungulia sebuleni. Astaghafirullah! Kila kochi, kila kiti, hata kile kigoda cha simu, kuna mto. Umesimama kwa ncha, umepigwa kiganja. Mtindo uleule wa meneja, ambao Mama Emiliana aliukataa miaka yote.

"Mama," nikamwambia, "watu watakaa wapi?"

"Watasogeza."

"Wazungu ndio wanaosogeza. Watu wetu hawasogezi kitu cha mtu."

"Zaituni, leo," akaanza.

"Mama, tuipunguze tu hii ya..."

"Zaituni, leo," akaanza upya, "leo wanakuja watu kuniangalia nilivyo, na mimi nina mtoto mmoja. Wataona nimejiandaa. Niachie."

Nikamwachia. Akaupiga mto mwingine kiganja, akausimamisha.

Wakafika. Wazee wanne wa Kimaasai, shuka zimepigwa pasi mabegani, fimbo mkononi, na Lemayani nyuma yao na suti inayombana. Mbele alikuwa Mzee Sironga, kaka mkubwa wa baba yake Lemayani na msemaji wao, mtu mfupi mwenye macho ya kucheka. Wakaamkiana vizuri na Baba Emiliana, wakakaribishwa ndani. Wakaingia hatua mbili. Wakasimama. Wakatazama sebule, wakatazamana, Mzee Sironga akasema kitu cha chini kwa Kimaasai, na wote wakageuka, wakatoka, wakakaa barazani. Mmoja kwenye benchi, wawili kwenye makreti ya soda, Mzee Sironga kwenye ukingo wa saruji.

Baba Emiliana akawafuata mlangoni. "Karibuni ndani, wazee."

"Asante, tumekaribia," akajibu Mzee Sironga. "Hapa panatosha kwanza."

Kwanza! Neno hilo hakuna aliyelisikia ndani. Baba Emiliana alirudi jikoni uso umekaza. Akasema, bila kelele, "Wamekataa kukaa kwangu. Kama viti vyangu hawavitaki, binti yangu atakaa kwao vipi? Wapeni chakula wale, waende zao. Basi."

Mama Emiliana akashika meza. Kutoka chumba cha pili tulimsikia Emiliana akilia kwenye mto, maana hata kitandani kwake mama yake alikuwa ameipanga. Lemayani amesimama uani peke yake, hawezi kuwauliza wakubwa wake kitu. Pilau inapoa. Mimi nikasema moyoni, jamani, hivi ndivyo inavyoisha? Nikachukua sinia la soda nikatoka nalo barazani, maana mpeleka soda hakuna anayemkataza kuongea.

"Takwenya," akanisalimia Mzee Sironga.

"Iko," nikaitika. Halafu nikauliza wazi, kwa sababu mimi sijui kuzunguka. "Mzee, mbona mmekaa nje? Ndani kuna nini?"

Akanishangaa. "Ndani kumejaa. Tumeona viti vyote vina wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Yeyo, mama yangu, mimi nikiweka fimbo yangu juu ya kigoda changu, nani atakikalia? Nimeingia, nimekuta kila kiti mtu ameweka mto wake, mzuri, amesimamisha. Nikawaambia wenzangu tuna haraka ya nini, tusubiri nje mpaka wenye viti wafike, ndipo tuonyeshwe vya kwetu." Akainama karibu yangu. "Ni askofu anakuja?"

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, chupa zikagongana sinia zima. Mzee wa watu akacheka na yeye bila kujua kwa nini. Nikarudi jikoni mbio nikamwambia Mama Emiliana maneno yale kama nilivyopewa, la mto, la fimbo, la askofu. Baba Emiliana alikuwa amesimama palepale. Akasikia yote.

Mama Emiliana akaiachia meza. Alikwenda sebuleni, akakusanya mito kwa mikono miwili, kochi kwa kochi, akaitupa kitandani kwa binti yake mpaka Emiliana akapotea ndani yake na kilio kikakatika. Akabaki na mmoja, ule wa kitenge cha majani makubwa. Akatoka nao barazani mbele ya watu wote, akasimama mbele ya Mzee Sironga.

"Mwenye kiti," akasema, "ni..."

"Mama Emiliana, ngoja niseme mimi," mumewe akaingilia.

"Mwenye kiti," akaanza upya, "ni wewe. Hakuna askofu. Mto huu ni wa mgongo wako, na kiti chochote utakachopenda."

Mzee Sironga akaupokea kwa mikono yote miwili. Akauminya. Akauweka shavuni kidogo, akauangalia tena. "Laini. Ndani kuna nini?"

"Sufi. Pamba ya mti."

"Itakaa hivi hivi?"

"Itasinyaa. Ikisinyaa inaongezwa."

"Na nani ataniongezea kule Arash?"

Mama Emiliana akavuta pumzi. "Emiliana."

"Anajua kushona?"

Jamani, pale angeweza kudanganya. Mama gani asingedanganya? "Hapana," akasema. "Hajui kabisa. Nimeshindwa."

Mzee Sironga akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka Baba Emiliana naye akashindwa, akaketi kwenye kreti jingine la soda akicheka na kujifuta macho. "Vizuri," akasema Mzee Sironga. "Mwanetu naye hajui kukamua. Watafundishana." Akasimama, akaingia ndani wa kwanza, akachagua kochi kubwa, akaweka mto mgongoni, akaegemea, akafumba macho. "Sasa tumefika," akasema.

Yaliyobaki yalikuwa maneno ya kawaida ya mahari na pilau ya kupasha. Jioni walipoaga, Mzee Sironga alitoka na mto kwapani, chini ya shuka. Baba Emiliana akamnong'oneza mkewe, "Mto wetu ule." Mkewe akamwambia, "Nyamaza. Si amekaa?"

Emiliana akaolewa. Anaishi Arash mpaka leo, ana watoto, na yule mzee kila alikokwenda, kwenye kikao, kwenye arusi, hospitalini, tulisikia anakwenda na mto wake wa kitenge. Sisi lojini tuliendelea na kazi. Nilipunguza mito kwenye vyumba bila kumuuliza mtu, kidogo kidogo, na meneja aliyefuata akasifu kwamba vyumba vimekuwa vikubwa. Miaka ikaenda, mkaja nyie, macho yangu yakaanza kulikosa tundu la sindano, mkanipa keki.

Basi majuzi, sina hata mwezi wa kustaafu, nimekaa nyumbani na Mama Emiliana amekuja kunywa chai na kunilalamikia kuku. Bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka Mzee Sironga, mzee sasa kweli, amekuja mjini kutibiwa macho. Kwapani ana kitu cha rangi ya vumbi. Tukasalimiana. Akakiweka mezani kati ya vikombe.

"Umechoka," akasema. "Utengeneze."

"Mzee, mimi nimestaafu."

"Wewe umestaafu. Mgongo wangu bado."

Nikaenda kuchukua mkasi. Kitenge kilikuwa kimefifia, majani unayaona kwa kuyakumbuka. Mto umelegea lakini haukuwa mtupu, na mshono mmoja haukuwa wangu. Ulikuwa umefumuliwa na kushonwa tena mara nyingi kwa uzi mnene wa magunia, umepinda huku, umepinda kule, umekazwa kwa nguvu zote. Nikaingiza vidole penye tundu dogo. Sufi ilikuwa imeisha kitambo. Nikavuta kipande cha shuka nyekundu kuukuu. Nikavuta flaneli ya mtoto mchanga, halafu mkono wa sweta la shule, halafu kitambaa cheupe chenye mfuko, cha sare ya unesi.

"Kila ukisinyaa Emiliana anaongeza," akasema Mzee Sironga. "Kila nguo ikimshinda mtu pale nyumbani, inaingia humu. Ni mzito sasa, lakini nalala vizuri."

Mama Emiliana akaweka kikombe chini. Akauchukua mto, akasogea nao dirishani, akaupitisha kidole ule mshono, toka mwanzo hadi mwisho, taratibu kama alivyoupitisha wangu siku ya kwanza. Akarudia tena. Mimi nimeshika mkasi nasubiri, maana namjua, na neno lake nalijua. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

"Mama," nikamwambia, "nifumue nishone upya?"

"Fungua upande wa pili," akasema. "Hapa usifumue."

Nikafungua upande wa pili.